Ukiona Vyaelea: Kioo, Moshi na Kivuli katika Mji wa Kesho

Wahenga wetu wa pwani wametuachia msemo usiohitaji sherehe kwa mtu aliyekulia karibu na bandari: ukiona vyaelea, vimeundwa. Jahazi lipitalo mbele ya macho na tanga lake limejaa upepo huonekana jepesi kama unyoya. Asiyepata kuingia katika uwanja wa maseremala wa vyombo hawezi kukisia uzito wa mataruma, wingi wa misumari, wala siku zilizopita watu wakikalafati mbao moja baada ya nyingine. Senema nayo ni chombo cha namna hiyo. Tunaketi gizani, picha inaelea mbele yetu, moyo unashikwa na huzuni au hofu, nasi hatujiulizi huzuni ile imeundwa kwa mbao gani.

Mpenzi wa ushairi analijua jambo hili kwa njia yake. Beti zile zile, zikighaniwa kwa mahadhi ya maombolezo, humfikia msikilizaji kabla hajaipata maana ya neno la kwanza. Zikighaniwa kwa mahadhi ya harusi, huwa kitu kingine. Katika filamu kazi hiyo ya mahadhi hufanywa na mandhari na mwanga. Wala hakuna aina ya filamu inayoitegemea kazi hiyo kama zile zinazosimulia habari za kesho, ambazo hapa tutaziita bunilizi za kisayansi. Maana kesho haijulikani na mtu yeyote, na kila kitu ndani yake, tangu ukuta hadi taa, lazima kiundwe. Makala haya yanafuata safari ya kioo kimoja, kutoka Berlin ya miaka ya 1920 hadi California ya mwaka 1981. Safari hiyo inaonyesha kwamba mji wa kesho, katika zile filamu zilizodumu, umejengwa kwa mabaki ya jana, na kwamba mwanga umeujenga zaidi kwa yale uliyoyaficha.

Tuanze na vivuli vya rangi. Mwezi wa Februari 1920 Berlin ilioneshwa filamu ya Robert Wiene iitwayo The Cabinet of Dr. Caligari. Wasanifu wake wa mandhari, Hermann Warm, Walter Reimann na Walter Röhrig, waliunda mji wa turubai na mbao: nyumba zilizopinda, madirisha yaliyokaa upogo, njia zinazojikunja kama nyoka. Vivuli vingi mle havikutupwa na taa. Vilipakwa kwa brashi ukutani na sakafuni. Filamu ile haikuhusu sayansi ya kesho. Ilihusu wazimu, katika nchi iliyotoka kushindwa vita. Hata hivyo, iliacha somo moja kwa wote waliofuata: ukuta waweza kuyasema yaliyomo moyoni mwa mtu anayepita mbele yake.

Fritz Lang alikuwa miongoni mwa waliolielewa somo hilo. Mwezi wa Oktoba 1924 alifika New York kwa meli, akaiona minara ya mji ule ikiwaka usiku. Baadaye alisimulia kwamba hapo ndipo taswira ya Metropolis ilipomjia. Upigaji wa picha ulianza Mei 1925 na kumalizika Oktoba 1926, katika studio za kampuni ya Ufa huko Babelsberg, nje kidogo ya Berlin, kwa hadithi iliyoandikwa na mkewe, Thea von Harbou. Bajeti ya awali ilikuwa Reichsmark milioni 1.5, gharama zikapindukia milioni 5. Onyesho la kwanza lilifanyika tarehe 10 Januari 1927.

Hadithi yenyewe ni nyepesi, na wengi wameicheka. Matajiri wanaishi juu, wafanyakazi chini ya ardhi. Lakini ramani ya mwanga wake si nyepesi hata kidogo. Juu kuna bustani nyeupe ambamo vijana wa kitajiri wanacheza, na mwanga umetandaa sawasawa kama maziwa sahanini. Chini kuna mvuke, chuma, na mwanga unaotoka katika mitambo yenyewe, kiasi kwamba mfanyakazi anaonwa pale tu mtambo unapomruhusu aonekane. Kijana wa tajiri anaposhuka huko na mtambo mkubwa ukageuka mbele ya macho yake kuwa kinywa cha mungu alaye watu, mtazamaji hahitaji kusomewa maandishi. Dhuluma imekwisha kuelezwa na mahali taa zilipowekwa.

Wasanifu Otto Hunte, Erich Kettelhut na Karl Vollbrecht walichora mji ambao hakuna fedha ya kampuni yoyote ingeweza kuujenga. Hapo ndipo kioo kilipoingia. Eugen Schüfftan, aliyepata kuwa mchoraji, alibuni hila rahisi ya kustaajabisha. Kioo kiliwekwa mbele ya kamera kwa pembe ya nyuzi 45. Ubavuni kulikaa mfano mdogo wa jengo, na taswira yake ikaakisiwa kiooni na kuingia katika lenzi. Kisha sehemu ya kioo ikakwanguliwa utando wake wa fedha, ikabaki kigae kitupu. Na kupitia kidirisha hicho kamera iliwaona waigizaji halisi waliosimama mbali ng'ambo ya pili. Hivyo mtu wa nyama na damu alisimama chini ya ukuta mrefu kama mlima, na ukuta huo ulikuwa kitu cha kuwekwa juu ya meza. Taswira mbili zilikutana katika ukanda mmoja, saa ile ile, bila mkasi wala gundi.

Ukubwa wa mji, hata hivyo, si ndio uliobaki akilini mwa watu wengi walioitazama Metropolis. Kilichobaki ni tochi. Maria, msichana anayewafariji wafanyakazi, yuko peke yake katika mapango ya chini, mshumaa mkononi. Mshumaa unazimwa. Rotwang, yule mvumbuzi, yuko gizani, na silaha yake ni duara moja la mwanga. Duara hilo linatua juu ya mifupa ya wafu, linatua juu ya uso wake, linamfuata kila ageukapo, linambana ukutani. Wapiga picha Karl Freund na Günther Rittau hawakuhitaji mtambo wala mnara kwa tukio hili. Walihitaji giza na taa moja. Na mwanga ule ambao watu wote wameuzoea kuwa ndio uokozi, humo umekuwa mwindaji. Nadhani bunilizi za kisayansi zilipata mahadhi yake katika dakika zile chache.

Palikuwa pia na gharama ambayo haikuandikwa katika daftari la fedha. Katika tukio la mafuriko, mamia ya watoto kutoka mitaa ya mafukara ya Berlin walisimama ndani ya maji baridi siku baada ya siku. Filamu iliyowalilia watu wa chini iliwatumia watu wa chini kuwa sehemu ya mandhari yake. Atazamaye picha ile leo, na kuwaona wale watoto wakinyosha mikono kuelekea juu, aikumbuke pia hali yao nje ya kamera. Vyaelea, lakini vimeundwa na watu.

Mwaka 1933 Hitler alishika madaraka, na watengenezaji wengi wa mwanga wa Berlin wakatawanyika. Freund alikwisha kwenda Marekani tangu 1929. Lang aliondoka kupitia Paris. Schüfftan, Myahudi, alikimbilia Ufaransa, ambako mwaka 1938 aliipiga picha filamu ya Marcel Carné, Le Quai des brumes, hadithi ya bandari iliyomezwa na ukungu. Kisha vita vikamsukuma hadi Marekani. Huko kwa miaka mingi hakuweza kufanya kazi yake waziwazi, kwa kuwa chama cha wapiga picha hakikumpokea. Tuzo ya Oscar ilimfikia mwaka 1962, kwa filamu ya The Hustler. Kioo chake kilikuwa kimesafiri kabla yake: Hitchcock alikitumia London mwaka 1929 katika Blackmail, ili kuingiza Jumba la Makumbusho la Uingereza ndani ya studio.

Wakimbizi hawa na wenzao walikwenda na vivuli vyao. Filamu za upelelezi za Hollywood za miaka ya 1940, zenye njia zilizolowa mvua, moshi wa sigara, na mwanga unaokatwakatwa na vipande vya pazia la dirisha, zina deni kubwa kwa Berlin. Nyingi zilipigwa katika barabara za kuigizia, nyumba zenye uso bila mgongo, katika viwanja vya studio. Barabara mojawapo ya namna hiyo, iliyojengwa mwaka 1929 katika uwanja wa Warner huko Burbank, California, ilidumu. Tutairudia.

Kabla ya hapo, haki itendeke: wapo waliokataa kujenga, na wapo waliokataa giza. Mwaka 1965 Jean-Luc Godard alitengeneza Alphaville bila kuunda mji wowote. Yeye na mpiga picha Raoul Coutard walitoka usiku katika Paris yao wenyewe, wakachagua majengo mapya ya vioo, ngazi za saruji na taa za barabarani zilizokuwapo, wakasema: hii ndiyo kesho. Hofu ya filamu ile inatokana na kwamba hakuna kilichobadilishwa.

Stanley Kubrick alikwenda upande wa pili. Kwa 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968 kilijengwa huko Uingereza chumba cha mviringo kama gurudumu, kipenyo chake karibu mita 12, kilichozunguka kweli huku mwigizaji akitembea ndani yake, kwa gharama ya dola 750,000. Taa zake zilikuwa sehemu ya kuta zenyewe, na mwisho wa filamu mzee mmoja anakufa katika chumba cheupe ambacho mwanga wake unatoka sakafuni. Humo kivuli kimekosa pa kukaa, na nafsi nayo imekosa pa kujificha. Nyeupe yaweza kutisha kuliko nyeusi. Anayeijua sanda analijua hilo.

Sasa turudi Burbank. Mwaka 1981 Ridley Scott alikuwa akitengeneza Blade Runner, kutokana na riwaya ya Philip K. Dick ya mwaka 1968. Hadithi iko Los Angeles, Novemba 2019. Askari mmoja, Deckard, anatumwa kuwasaka watu wa kuundwa waliotoroka, viumbe wanaofanana nasi kwa kila hali, ila umri wao ni miaka minne tu. Mji wa hadithi hiyo ulisimamishwa juu ya barabara ile ile ya 1929.

Mchoraji Syd Mead na msanifu Lawrence G. Paull walifuata kanuni moja: kesho haibomoi jana, huibandikia. Nyumba kuukuu ziliachwa zilivyo, kisha zikavalishwa mabomba, nyaya, mashine za hewa na mabango, kana kwamba kila kizazi kiliongeza chake na hakuna aliyepata fedha ya kuanza upya. Msomaji wa Mji Mkongwe hana haja ya kuelezwa zaidi. Ameziona nyumba za mawe na chokaa ambazo juu ya milango yake ya nakshi zimepita nyaya za umeme, na darini zimekaa dishi za televisheni zikiitazama mbingu. Makazi ya mmoja wa wahusika yalikuwa jengo la kweli la Los Angeles, Bradbury, la mwaka 1893. Kuta za nyumba ya Deckard zilifinyangwa kwa kuiga matofali ya nyumba ambayo Frank Lloyd Wright aliijenga mwaka 1924. Hata baadhi ya taa za neoni zilikuwa mabaki ya filamu nyingine. Mji wa kesho ulikusanywa kama mtu akusanyavyo mbao za jahazi kuukuu.

Lakini uwanja wa studio una mwisho, na nyuma yake kuna vilima vya California ambavyo havikuwa katika hadithi. Scott alifanya nini? Alipiga picha usiku, akamwaga mvua, akajaza moshi. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba usiku na mvua vilisaidia kuficha mipaka ya seti. Hapa ndipo penye siri ya filamu hii. Yale tuyaonayo kuwa huzuni ya mji uliochoka yalianza kama hila ya kuficha upungufu. Moshi uliozuiliwa kuonyesha mwisho wa barabara ndio uliotufanya tuamini kwamba barabara haina mwisho. Mshairi anayebanwa na vina na mizani anaifahamu neema hii: kizuizi humsukuma hadi kwenye neno ambalo uhuru usingemfikisha.

Ndani ya moshi huo mpiga picha Jordan Cronenweth aliingiza mwanga kama mtu apitishaye upanga. Aliweka nje ya madirisha kurunzi kali za xenon, za aina iliyotumika kumulika anga, miale yake ikaingia vyumbani na kutembea juu ya kuta na nyuso. Katika hadithi, miale hiyo ni ya vyombo vya matangazo vinavyoelea juu ya mji. Kwa hiyo hakuna chumba cha faragha katika filamu nzima. Mtu akibusu, taa inapita. Mtu akilia, taa inapita. Barabarani watu hubeba miavuli ambayo vipini vyake vinawaka, kwa kuwa hata mchana haupo wa kutegemewa. Mji wa mbali, ule wa mwanzo wa filamu wenye minara itemayo moto, ulikuwa mfano mdogo wenye maelfu ya vitone vya mwanga, uliopigwa picha na kikosi cha Douglas Trumbull, mtu yule yule aliyefanya kazi katika 2001, ndani ya chumba kilichojazwa moshi ili umbali wa hatua chache uonekane umbali wa maili. Dick alioneshwa sehemu ya picha hizo kabla ya kufariki Machi 1982, akastaajabu kuona wamekifikia kilichokuwa kichwani mwake.

Na kioo? Kilirudi, na safari hii kiliwekewa macho. Cronenweth alitaka watu wa kuundwa watambulike kwa mng'ao hafifu katika mboni. Akaweka mbele ya lenzi kioo kinachopitisha nusu ya mwanga na kuakisi nusu, kwa pembe ile ile ya nyuzi 45, akaelekeza taa kiooni hata mwanga ukaingia machoni mwa mwigizaji kwa mstari ule ule wa kamera. Jamaa huyu wa kioo cha Schüfftan hakujenga ukuta mrefu tena. Aliuliza swali moja: nani ni mtu? Macho ya Rachael yanang'aa. Macho ya bundi wa kutengenezwa yanang'aa. Na kwa sekunde chache, nyumbani kwa Deckard, akiwa nyuma ya Rachael katika giza, macho ya Deckard mwenyewe yanang'aa. Scott amesema kwamba Deckard naye ameundwa. Harrison Ford, aliyemwigiza, hakulikubali wazo hilo. Watazamaji wamegombana miaka zaidi ya 40 kwa ajili ya vitone viwili vya mwanga visivyozidi ukubwa wa punje.

Ubaya wa mwanga usio mahali pake nao umo humo humo. Mwisho wa filamu, Roy Batty, mkuu wa watu wa kuundwa, anakufa juu ya paa katika mvua ya usiku, na njiwa aliyekuwa mikononi mwake anaruka. Katika nakala ya 1982 njiwa huyo anaruka kuelekea mbingu ya buluu, kavu, ya mchana. Sekunde chache tu, na jahazi zima likaonesha tundu. Kasoro hiyo ilirekebishwa katika nakala ya mwisho ya mwaka 2007: njiwa akapewa usiku wake. Wasiojali watasema ni jambo dogo. Mwenye sikio la ushairi anajua kina kimoja kilichokosewa katika ubeti wa mwisho humfanyia nini msikilizaji.

Filamu hiyo iligharimu takriban dola milioni 28, na ilipotoka Juni 1982 haikupata watazamaji iliyowatarajia, ingawa Uingereza iliituza kwa upigaji picha na kwa usanifu wa mandhari. Metropolis nayo ilikatwakatwa baada ya onyesho la kwanza, na sehemu kubwa iliyopotea ikaonekana Buenos Aires mwaka 2008, katika nakala iliyochakaa. Sasa Novemba 2019 imekwisha kupita. Rutger Hauer, aliyemwigiza Roy Batty, alifariki mwezi wa Julai mwaka huo huo. Syd Mead akamfuata tarehe 30 Desemba. Kesho yao imekuwa jana yetu, na bado inatutia huzuni, kwa sababu haikuwa utabiri. Ilikuwa mahadhi.

Upande wetu wa dunia nao umeunda kesho yake. Mwaka 2009 Mkenya Wanuri Kahiu alitengeneza filamu fupi ya dakika zipatazo 20, akaipa jina la Kiswahili: Pumzi. Ni miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, vita vya maji. Watu wa Afrika Mashariki wanaishi katika makazi yaliyofungwa, wakichuja hata jasho lao ili wanywe. Kahiu, akiwa na fedha kidogo, alirejea mbinu za senema za miaka ya 1950, za mandhari zilizochorwa na picha zilizotupwa nyuma ya mwigizaji. Yaani alirudi kwa akina Schüfftan.

Lakini aligeuza ramani yao. Ndani ya makazi mwanga ni baridi na umepimwa. Nje ni jangwa na jua. Asha, mtunza makumbusho, anapata udongo wenye uhai, unamchipulia mche, naye anatoroka nao nje. Kiswahili chetu kina neno moja ambapo lugha nyingine zina mawili: kivuli ni kile kinachotisha ukutani, na ni kile tunachokikimbilia adhuhuri chini ya mwembe. Tangu Berlin ya 1920 tumekiona kile cha kwanza. Asha anaupanda mche mchangani, anaumwagia maji yake ya mwisho, kisha anasimama kati yake na jua, akiukinga kwa kitambaa na kwa mwili wake, hata nguvu zikamwishia.